Dogo wa Ukerewe aliyeshika mkia wa papa: kisa kizima na kwa nini aling'atwa

Kisa hiki hapa Kirumba, Mwanza, kinasimuliwa vibaya sana, papa ameshafika mita nne na kuna wanaosema alitaka kumla mtu, kwa iyo nimeona nikiandike kilivyo. Aliyeng'atwa ni mtoto wa mama yangu mdogo, mkono nimeuona kwa macho, nahodha wake nimeongea nae kwa simu zaidi ya mara moja, na mi nimesomea uvuvi pale Nyegezi afu nikakaa kidogo Mbegani kule Bagamoyo, hawa papa wa chini nimewaona wakiwa hai na nawapenda kusema kweli, sipendi wakisingiziwa.

Dogo kakulia Ukerewe, kazi yake toka mtoto ni ziwa. Dagaa, sangara, kuchokonoa kambale kwenye madimbwi ziwa likirudi nyuma, yote anaijua. Mwaka jana ziwani kukawa kugumu akasikia Pwani kuna boti za dagaa zinatafuta vijana, akapanda basi mpaka Dar afu akashuka Kilwa, akapata kazi kwenye boti moja inayozunguka visiwa vya upande ule. Dagaa wa bahari wanavuliwa usiku wa giza kama wa kwetu tu, mwezi ukiwa mkubwa boti inalala, na vijana wakati wa bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa wanashuka mwambani kutafuta pweza wapate hela ya mfukoni. Dogo nae akashuka. Alikuwa na chuma chenye ncha, miwani ya kuzamia ya kuazima na viatu vya plastiki.

Anasema maji yalikuwa kiunoni, sehemu nyingine kifuani. Akaona jiwe kubwa lenye uwazi chini yake, akainama akachungulia na miwani, hakuona pweza, akaona samaki mkubwa wa kahawia kalala kwenye mchanga, kichwa kipo ndani kwenye giza, mkia umetokeza nje. Hatingishiki. Aliposogea kwa pembeni akaona kichwa kipana kiasi na sharubu mbili zinaning'inia karibu na mdomo. Akaniambia hivi, na haya ni maneno yake: "Kaka mi nilijua ni jamaa yake kambale, na amelala, nikasema leo nimeokota hela." Akaweka chuma chini akashika mkia kwa mikono miwili akavuta.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka sana. Samaki akajikunja, kichwa kikarudi mpaka ulipo mkia, akamdaka mkono wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, na hakuachia. Dogo akasimama akapiga kelele huku papa ananing'inia mkononi anajizungusha. Wenzake wakaja mbio, mmoja akamshika papa mkia akawa anavuta, mwingine akachomoa kisu. Nahodha, mzee wa makamo mwenyeji wa kule kule, akawafokea wote waache. "Msimvute, mtamtoa nyama mwenzenu! Mrudisheni majini, mkono na samaki wake, mkae kimya." Wakamkalisha dogo kwenye maji, mkono ukaenda chini mpaka papa akagusa mchanga, wakatulia. Kwa kumbukumbu ya dogo ilikuwa kama saa nzima lakini nahodha anasema ni dakika chache tu, papa akalegeza taya, akaachia, akatema maji kwa nguvu afu akaondoka polepole akaingia tena chini ya lile lile jiwe.

Hicho ndo kisa. Sasa tukifumue.

Kwanza alikuwa papa gani. Dogo hakupiga picha ila kaeleza vizuri maana ni mtu wa samaki, anajua cha kuangalia. Rangi moja ya kahawia, hana madoa. Sharubu mbili. Mdomo mdogo, uko mbele ya macho kabisa, macho yenyewe madogo. Mapezi mawili ya mgongoni yamekaa nyuma karibu na mkia na yana ncha. Mkia mrefu ila sio nusu ya mwili. Urefu kama mita moja na nusu. Hizo sharubu, mdomo ulio mbele ya macho na mapezi mawili ya mgongo yasiyo na miiba zinamuweka moja kwa moja kwenye kundi la papa zulia, Orectolobiformes kitaalamu, kundi lenye familia saba na aina zaidi ya 40, na karibu wote maisha yao ni chini, kwenye mchanga na mawe. Wa ajabu kwenye hilo kundi ni papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote duniani anayeonekana Mafia upande wa Kilindoni, huyo ni ndugu yao ila yeye kaamua kuishi juu juu akichuja chakula kidogo kidogo.

Kwenye pwani yetu wa kuwadhania ni watatu. Kuna yule wa madoa, Stegostoma tigrinum, mtoto wake ana mistari afu akikua mistari inageuka madoa, mkia wake ni mrefu karibu sawa na mwili wote na ana matuta ya kupanda urefu wa mgongo. Dogo angeyaona hayo. (Huyu samaki ananishangaza mpaka leo, kule Townsville Australia mwaka 2016 jike mmoja aliyetenganishwa na dume kwa miaka alitaga mayai na yakaangua watoto wazima bila dume kabisa.) Wa pili ni mfupi, Pseudoginglymostoma brevicaudatum, anapatikana huku kwetu Afrika Mashariki na Madagascar, lakini hafiki hata mita moja, mwisho wake ni kama sentimita 75, na mapezi yake ni ya duara. Anabaki wa tatu, Nebrius ferrugineus, ambae vijana wa boti ile wanamwita papa usingizi, anafika mita tatu na kidogo, kahawia mtupu, mapezi yenye ncha, mchana yupo chini ya mawe. Mi nasema ni huyu na sina wasiwasi. Wale wanaoonekana sana kwenye klipu za simu, bapa wenye mapindo mapindo ya ngozi kuzunguka mdomo, wanaojifanya jiwe afu wanameza samaki anayepita, hao ni wobbegong, wako Australia, Indonesia mpaka Japani, kwetu hawapo, kwa iyo anayekutumia ile video akisema ndo wa Kilwa anakudanganya.

Sasa hapa ndo pananigusa zaidi, dogo aliwaza nini. Watu hapa mwaloni wanamcheka kwamba ni mjinga, nani anashika papa kwa mkono. Mi nakataa kabisa. Dogo alifanya kile ambacho ziwa limemfundisha na ziwani kingekuwa sahihi. Fikiria samaki wetu wa chini. Kambale silaha yake ni miiba ya mapezi ya kifuani, hapo nyuma ya kichwa tu. Gogogo ndo usiseme, ule mwiba ukishasimama umesimama, ukikuingia kiganjani utalia kama mtoto. Kwa iyo kijana wa ziwani anajifunza mapema kwamba samaki mwenye sharubu unamkwepa mbele unamuendea nyuma, hatari ipo kichwani na mkia hauna neno. Angekuwa kamongo, hapo angekumbuka mdomo, kila mtu anajua kamongo anauma na hakuna anayemsogelea bila rungu, ila kamongo hana sharubu za namna ile na mwili wake ni mwingine. Dogo aliona sharubu, akaona kichwa kipana, akaona kahawia, akili ikamwambia kambale. Shida ni kwamba ule mwili ulikuwa wa kitu kingine kabisa.

Papa hana mfupa hata mmoja, kiunzi chake chote ni gegedu, na papa wa chini ya mawe wamejengwa kujikunja maana maisha yao ni kuingia na kutoka kwenye upenyo ambao huwezi kugeuka kama mwili ni mgumu. Papa usingizi anaweza kuleta kichwa mpaka kwenye mkia wake mwenyewe bila shida. Ukimshika mkia hujakwepa silaha, umeita silaha ije. Ongeza na hili, shimo lilikuwa na mlango mmoja na dogo alikuwa amesimama mlangoni. Samaki hakuwa na njia nyingine ya kutokea.

La pili, "amelala". Huku kwetu karibu kila mtu anaamini papa akisimama kuogelea anakufa. Ni kweli kwa baadhi ya papa wa maji ya wazi, wanategemea mwendo usukume maji yapite kwenye matamvua. Hawa wa chini wanasukuma wenyewe, mdomo unafunguka kidogo, koo linatanuka, maji yanaingia yanatokea kwenye matundu matano ya pembeni. Wengine kama wobbegong na yule wa madoa wana na tundu kubwa nyuma ya jicho la kuvutia maji hata kama mdomo umeegemea mchanga, ila papa usingizi tundu lake ni dogo mno, unaweza usilione, kazi kubwa inafanywa na mdomo. Kwa iyo ukitaka kujua kama yule uliyemkuta ni mzima, usiangalie mkia, angalia koo na yale matundu matano. Yanafunguka na kufunga taratibu. Nilipomuuliza dogo kama aliona hicho kitu alifikiri kidogo akasema ndio, mchanga karibu na shingo ulikuwa unatikisika, lakini akadhani ni mkondo wa maji. Haukuwa mkondo, alikuwa anapumua.

Kutulia kwake ni mapumziko ya mchana. Anafanya kazi usiku, anapita juu ya mwamba akinusa, sharubu zinapapasa mchanga, na mchana anarudi kulala, mara nyingi kwenye shimo lile lile kila siku na mara nyingine kadhaa pamoja wamelaliana. Wapo kwenye kundi hili wanaofanya makubwa zaidi wakiwa wametulia, kuna kadogo ka kaskazini mwa Australia na Papua Guinea Mpya, Hemiscyllium ocellatum, maji yakipwa kanabaki kwenye kidimbwi kisicho na oksijeni karibu kabisa, kanapunguza matumizi ya mwili na kanasubiri, na kakichoka kanatembea kwa mapezi juu ya mwamba kwenda kidimbwi kingine. Utulivu wa papa hawa una kazi yake.

Sasa mdomo. Mdomo wa papa usingizi ni mdogo ukilinganisha na mwili na ndo maana watu wanadharau. Lakini hang'ati ili akate, ananyonya. Koo linatanuka ghafla, maji yanaingia kwa kishindo pamoja na chochote kilicho mbele yake, na nguvu ya kunyonya ya familia yake ni kati ya kubwa kabisa zilizowahi kupimwa kwa viumbe wa majini. Anamtoa pweza kwenye ufa ambao wewe mwenye chuma umehangaika nao. Afu baada ya kunyonya taya zinafunga na zinabaki zimefunga. Meno ni madogo, yamepangana safu kwa safu, kila jino lina ncha ya kati na vincha vidogo vidogo pembeni. Nikaangalia kovu la dogo kwa makini, lipo hivyo hivyo, nusu duara mbili zinatazamana, kila moja ni vitobo vidogo vidogo vingi vimebanana, katikati nyama ilivia damu. Hakuna mchano mrefu isipokuwa mmoja, na huo mmoja uko upande ule ambao mwenzake alikuwa anavuta mkia. Nilipoliona hilo nikamshukuru nahodha kimoyomoyo. Papa alitoboa, watu ndo waliochana.

Ngozi nayo ilichangia, papa ngozi yake imejaa vijimeno vidogo vinavyoelekea nyuma, ukipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini ukirudi ni msasa, na dogo viganja vyote viwili vilichubuka.

Kwa nini hakuachia mwanzoni na kwa nini aliachia baadae. Kung'ang'ania ni tabia inayojulikana kwa hawa. Mwaka 2004 pale Caves Beach, Australia, jamaa mmoja aling'atwa mguu na wobbegong mdogo, akaogelea nae mpaka ufukweni, akapanda nae gari, akafika kwa waokoaji samaki bado yupo mguuni. Mwaka 2016 Boca Raton, Marekani, dada mmoja alifikishwa hospitali na papa mdogo wa familia ya huyu huyu wetu akiwa kabana mkono. Kila ukimnyanyua, ukimvuta, ukimpiga, yeye anazidi kubana, maana bado yupo vitani. Nahodha aliondoa vita. Papa akagusa mchanga, akapata maji ya kupumua, hakuna anayemshika, sababu ya kubana ikaisha. Nahodha hajasoma popote, anasema aliona babu yake akifanya hivyo.

Wale waokoaji wa Australia walitumia njia nyingine, walimwagia maji yasiyo na chumvi kwenye matamvua akaachia. Kuna jamaa hapa Kirumba akaniuliza sasa maji matamu yanamfanya nini papa, na swali lake likanipeleka kwenye lile jingine ambalo akina mama wameniuliza sana toka dogo arudi, kwamba je hawa hawawezi kuja kwetu ziwani. Majibu yanakaa pamoja. Papa wa bahari anabaki na urea nyingi kwenye damu na nyama, makusudi, ili majimaji ya mwili wake yawe yamekolea sawa na maji ya chumvi au kuzidi kidogo, asikaushwe na bahari. Ndo maana papa mkavu anayeletwa toka Pwani ana ile harufu kali inayochoma pua, ni urea imegeuzwa amonia na bakteria. Sasa mtu wa namna hiyo mtie kwenye maji matamu, maji yanamuingia kwa fujo kupitia matamvua na chumvi yake inavuja. Kwenye kundi hili la papa zulia hakuna hata aina moja inayoishi ziwani, duniani kote. Yupo papa wa kundi lingine, Carcharhinus leucas, ambae figo zake zinamudu, anapanda Zambezi na anaingia Ziwa Nicaragua, lakini hata huyo Victoria haji. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mlango wake ni Nile, upite mabwawa ya umeme, uruke maporomoko ya Murchison, umalizie na maelfu ya kilomita za jangwa. Mama zangu ogopeni mamba na kichocho, papa hapana.

Kidonda sitakirefusha. Kilioshwa kwa maji mengi zahanati kule kule, akachomwa sindano ya pepopunda, hakikushonwa kubana kabisa na hiyo ni sahihi, kidonda cha mdomo wa samaki ukikifungia uchafu ndani unatafuta usaha, na baharini kuna bakteria jamii ya Vibrio ambao hawana masihara. Tatizo ni dogo kuacha dozi ya antibaiotiki nusu alipoona maumivu yamepungua akapanda basi kuja nyumbani, huku Mwanza mkono ukavimba. Eksirei ikaonyesha kipande kidogo cha jino kimebaki, wakakitoa, kikapona vizuri. Ukitobolewa na meno ya papa omba eksirei hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Kuna wazee wawili watatu walishauri dogo akirudi akalipe, aende na mkuki amalize lile shimo. Nilikaa nae kwa hilo muda mrefu kuliko mengine yote. Nikamwambia mdogo wangu, sangara jike mmoja anamwaga mayai kwa mamilioni, ukimvua leo ziwa linajaribu kujaza. Huyu papa watoto wake wanakulia tumboni, wakiwa humo wanakula mayai mengine ya mama yao ili wakue, na wanaozaliwa ni wachache mno, wakubwa wa nusu mita hivi. Analala shimo lile lile kila siku. Kijana mmoja mwenye mkuki, au baruti moja, inaweza kumaliza wote wa mwamba mzima na hakuna watakaokuja kuziba pengo kwa miaka. Tayari kimataifa ameorodheshwa kama aliye hatarini, na yule mdogo wa sentimita 75 ndo yuko hatua ya mwisho kabisa kabla ya kutoweka. Na kosa lake ni lipi, alishikwa mkia akiwa ndani kwake.

Dogo kaelewa, na amerudi Kilwa bamvua lililopita. Tulikubaliana afanye hivi, kabla ya kuingiza mkono kwenye uwazi wowote achungulie pande mbili, akiona mkia au sharubu ahame jiwe, asisimame mlangoni kwa shimo, na chuma kisizame ndani ovyo. Akanipigia juzi akasema nahodha kamwonyesha mawe mengine ambayo wenyeji wanayajua, mchana papa wapo, usiku ukimulika na taa hawapo, na kuzunguka mawe hayo pweza ni wa shida, wanaanza kupatikana ukishasogea mbali kidogo. Hilo la pweza sikuwahi kulisikia Mbegani, nimemuomba akipata nafasi aniulizie kwa wazamiaji wengine kama na wao wameliona.